Neville Chittick: Msomi aliyeifukua Pwani yetu na swali aliloliacha

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, kabla hujamaliza kilomita 20, unafika Tongoni. Upande wa bahari, karibu na mikoko, yapo magofu ya msikiti wa mawe na makaburi zaidi ya 40. Hakuna mahali pengine katika Pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya minara yaliyokusanyika pamoja kama hapa. Minara mingi imekwisha kuanguka. Katika ile iliyosalia utaona vishimo vya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Mabakuli hayapo tena.

Anayefika hapa kwa mara ya kwanza huuliza: ni nani waliojenga haya? Mmoja atamwambia ni Waarabu, mwingine atasema ni Washirazi, wa tatu atasema ni wazee wetu wenyewe. Swali hilo si la kupoteza muda barazani. Ndani yake mna hoja ya nani ana haki ya kuiita miji ya kale ya Pwani kuwa ni yake.

Katika makala hii tunaangalia maisha ya mtu aliyelichukua swali hilo kutoka kwenye simulizi na kulipeleka ardhini, kwa mwiko na chekeche: Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika. Alipata mengi, na katika jambo moja kubwa wengi waliomfuata wanaona kwamba alikosea. Yote mawili yanafaa kujulikana na watu wa Tanga.

Kutoka sheria hadi udongo

Hubert Neville Chittick alizaliwa Uingereza mwaka 1924. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na alisomea sheria kabla ya kugeukia akiolojia. Waliosoma vitabu vyake wanaweza kuiona sheria ile ndani ya kazi yake: alipenda ushahidi unaoshikika, alipanga hoja moja baada ya nyingine, na hakukubali habari kwa sababu tu imesimuliwa kwa muda mrefu.

Kazi yake ya kwanza barani Afrika ilikuwa Sudan katika miaka ya 1950, kwenye idara ya mambo ya kale ya nchi hiyo. Huko alishughulika na makumbusho na kushiriki kuchimba Ghazali, monasteri ya Wakristo wa Nubia wa kale kaskazini mwa nchi. Sudan ilimfundisha kuchimba mahali ambapo Afrika, Mediterania na nchi za Kiislamu zilikuwa zimekutana kwa karne nyingi. Somo hilo lingemfaa alipohamia Pwani yetu.

Mwaka 1957 serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya mambo ya kale, na Chittick akapewa kuiongoza. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya kulinda majengo ya kale, iliyotungwa mwaka 1937, lakini hakukuwa na mtaalamu wa kudumu wa kuisimamia. Magofu yalikuwa yakitajwa na wasafiri na maofisa wa wilaya waliopita. Richard Burton, kwa mfano, alifika Tongoni mwaka 1857. Lakini kupita na kuandika ni kitu kimoja. Kupima, kuchora ramani, kuchimba kwa utaratibu na kulinda ni kitu kingine.

Idara mpya, pwani ndefu

Hebu tuitazame kazi iliyokuwa mbele yake. Kutoka mpaka wa Kenya hadi mto Ruvuma, Pwani ya Tanganyika ina magofu karibu kila ghuba: kisiwa cha Toten mbele ya mji wa Tanga, Tongoni, Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi, Kisimani Mafia, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na mengine mengi. Mengine yalikuwa yamefunikwa na vichaka. Mizizi ya miti ilikuwa ikipasua kuta, na watu walikuwa wakichukua mawe yaliyokwisha kuchongwa ili kujengea nyumba mpya.

Mwaka 1958 Chittick alichimba Kaole, penye msikiti na makaburi ya minara yanayofanana na ya Tongoni. Mwenzake James Kirkman alikuwa akifanya kazi ya aina hiyo upande wa Kenya, akianzia Gedi karibu na Malindi. Kwa kuweka pamoja waliyoyapata, ilianza kuonekana kwamba miji hii ilikuwa sehemu ya ustaarabu mmoja wa pwani ndefu. Ujenzi ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, mihrabu zilichongwa kwa mtindo unaofanana, na minara ya makaburi ilipambwa kwa kauri.

Huenda msomaji akajiuliza: mtu anajuaje umri wa ukuta usioandikwa tarehe? Njia kubwa ilikuwa vigae. Udongo unapojilimbikiza mahali wanapoishi watu, tabaka la chini huwa ndilo la zamani zaidi. Ndani ya kila tabaka mna vipande vya vyungu vilivyovunjika na kutupwa. Vyombo vya China na vya Ghuba ya Uajemi vilibadilika umbo, rangi na mapambo kila baada ya muda, na wataalamu wanajua aina ipi ilitengenezwa karne gani. Kipande kidogo cha bakuli la kijani la China kikikutwa chini ya sakafu ya msikiti, kinakuambia kwamba sakafu ile haiwezi kuwa ya zamani kuliko bakuli lenyewe. Ukiongeza sarafu, shanga za vioo na maandishi ya makaburini, unapata kalenda.

Ndiyo maana kuibwa kwa mabakuli ya Tongoni si hasara ya urembo peke yake. Kila bakuli lililobanduliwa ukutani limeondoka na sehemu ya tarehe ya kaburi lake.

Kilwa: mji uliofukuliwa

Kazi iliyompa Chittick jina ni Kilwa Kisiwani. Alianza huko akiwa mtumishi wa serikali, kisha akaiendeleza kama mkurugenzi wa taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, aliyoiongoza tangu mwaka 1961. Tanganyika ilipata uhuru mwaka huohuo. Kwa misimu kadhaa, hadi katikati ya miaka ya 1960, yeye na vikosi vya vibarua walichimba misikiti, nyumba, makaburi na majumba ya watawala.

Waliyoyakuta yanastaajabisha hadi leo. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Hapo lilipatikana jiwe lenye jina la sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Huyo ndiye aliyetawala wakati msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Kilwa mwaka 1331. Msikiti Mkuu ulionekana kuwa ulianza ukiwa mdogo, kisha ukapanuliwa kwa nguzo na makuba kadiri mji ulivyotajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa kwenyewe zilitoka ardhini kwa maelfu.

Chini ya fahari hiyo kulikuwa na kitu kingine, na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Tabaka za chini kabisa, za karne nyingi kabla ya masultani, hazikuwa na majumba ya mawe. Zilikuwa na mabaki ya nyumba za miti na udongo, dalili za kufua chuma, na vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa hapahapa. Vyombo vya ng'ambo vilikuwamo, lakini vichache.

Chittick aliyaandika yote hayo kwa uaminifu. Mwaka 1974 alichapisha kitabu chake kuhusu Kilwa katika juzuu mbili, chenye michoro na maelezo ya kila shimo. Hadi sasa hakuna mtafiti wa Kilwa anayeweza kuanza kazi bila kukipitia.

Meli saba za Shirazi

Watu wengi wa Pwani wanaijua habari ya Washirazi. Katika historia ya kale ya Kilwa, iliyobaki kwa Kiarabu na pia katika maandishi ya Mreno João de Barros ya karne ya 16, inasimuliwa kwamba sultani wa Shiraz na wanawe waliondoka Uajemi kwa meli saba, na kila meli ikatia nanga mahali pake: mmoja Mombasa, mmoja Pemba, mmoja Kilwa, mmoja Anjouan katika Komoro, na wengine kwingine. Wasomi waliomtangulia Chittick waliichukua habari hiyo karibu kama ilivyo, wakaiweka katika karne ya 10.

Chittick, kwa tabia yake ya kimahakama, aliihoji. Mwaka 1965 aliandika makala iliyobadilisha mjadala. Alionyesha kwamba ardhi ya Kilwa haikukubaliana na tarehe hiyo: mabadiliko makubwa, pamoja na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, yeye aliyaweka karibu na mwaka 1200. Akasema pia kwamba hao walioitwa Washirazi hawakutoka Uajemi moja kwa moja. Kwa maoni yake walitoka pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia ya leo, ambako jamaa zao walikuwa wamekaa muda mrefu na kuchanganyika na wenyeji.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini Chittick hakuvuka mto wote. Kwake, asili ya miji yenyewe, yaani wazo la kuishi mjini, kujenga kwa mawe na kufanya biashara ya bahari kuu, bado lilikuja na wageni. Baadaye, alipochimba Manda katika visiwa vya Lamu na kukuta vyombo vingi vya Ghuba ya Uajemi katika tabaka za mwanzo, alieleza kwamba mji ule ulianzishwa na watu waliotoka huko katika karne ya 9. Waafrika walikuwamo katika maelezo yake, lakini kama majirani, wake na wafanyakazi zaidi kuliko waanzilishi.

Jibu lililopita jirani na Tanga

Mwaka 1966 Chittick alianzisha jarida la Azania, ambalo hadi leo ni miongoni mwa majarida makubwa ya akiolojia ya Afrika. Mwaka uliofuata, ndani ya jarida hilo hilo alilolihariri, mtafiti wa taasisi yake, Robert Soper, alichapisha matokeo ya kazi yake ya kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Alieleza vyungu vya wakulima waliofua chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo, katika nchi ya Kwale na huku kwetu, Usambara na Upare.

Wakati ule vyungu hivyo vilionekana kuwa habari ya bara, na miji ya mawe ikaonekana kuwa habari ya bahari. Ilichukua miaka mingi kwa wasomi kuziunganisha habari hizo mbili. Vyungu vya wakulima wale na vyungu vya tabaka za chini za miji ya Pwani viko katika mnyororo mmoja. Tunaweza kusema ushahidi uliopingana na maelezo ya Chittick ulipita mezani kwake mwenyewe, naye akauchapisha.

Miaka ya mwisho

Chittick hakukaa Pwani peke yake. Kati ya mwaka 1972 na 1974 aliongoza uchimbaji mkubwa wa Aksum nchini Ethiopia, mji wa kale wa minara mikubwa ya mawe. Mapinduzi ya Ethiopia yaliikatiza kazi hiyo, na matokeo yake yalikuja kuchapishwa na wengine. Mwaka 1975 alifika Ras Hafun nchini Somalia kutafuta alama za bandari zilizotajwa na mabaharia wa Kigiriki na Kirumi.

Aliiongoza taasisi yake, iliyokuwa imehamia Nairobi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki dunia mwaka 1984, akiwa na umri wa karibu miaka 60. Kitabu chake cha Manda kilitoka mwaka huohuo.

Ilikuwa pia mwaka 1984 ambapo hazina ya sarafu ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ng'ambo tu ya mlango wa bahari unaotazamana na Tanga. Zilikuwamo sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Baadhi ya zile za fedha zilikuwa na jina la Ali bin al-Hasan, na dinari za dhahabu ziliirudisha hazina yote katika karne ya 11. Kwa maneno mengine, mtawala ambaye Chittick alimweka karibu na mwaka 1200 aliishi zaidi ya miaka 100 kabla yake. Maelezo ya hazina hiyo yalichapishwa miaka miwili baadaye, tena katika Azania.

Waliomfuata

Tangu mwaka 1980 Mark Horton alikuwa akichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Hapo aliona jambo lililohitaji kufikiriwa upya. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ule wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa mdogo wa miti. Mji ulikua hatua kwa hatua kutoka kijiji cha wenyeji waliosilimu, wakaanza kujenga kwa mawe walipopata uwezo. Haukushushwa kutoka melini ukiwa umekamilika.

Upande wa Tanzania, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba vyungu vyenye mapambo ya pembetatu, vya karne za kabla ya miji ya mawe, vimeenea Pwani na bara, na kwamba wenye vyungu hivyo walikuwa wakulima, wavuvi na wafua chuma wa hapa. Katika mkoa wa Tanga na jirani zake, Jonathan Walz alifuata bonde la mto Pangani kuelekea bara na kukuta shanga na vitu vingine vya Bahari ya Hindi mbali na ufuko. Njia za biashara kati ya Pwani na milima ya Usambara na Upare zilikuwapo karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19.

Kisha mwaka 2023 ukaja uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Kenya na Tanzania. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu na mwaka 1000 watu wa asili ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, walichanganyika na watu wa asili ya Uajemi, hasa upande wa akina baba. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa mahali pa heshima, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mkazi wa mji alikuwa hivyo. Hata hivyo simulizi ya wazee kuhusu Shirazi haikuwa ya kubuni tu, na wanaosema miji hii ni ya wageni peke yao hawana tena pa kusimamia. Lugha ilibaki ya Kibantu, chungu cha kupikia kilibaki cha hapa, na watoto walilelewa na mama zao wa hapa.

Tongoni inatuambia nini

Turudi kwenye barabara ya Pangani. Mwezi Aprili 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipita katika maji haya, na meli yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye fungu mbele ya Pwani yetu, huku milima ikionekana kwa mbali. Waliporudi mwezi Januari 1499, Wareno hawakuwa na mabaharia wa kutosha kuziendesha meli zote, wakaichoma moto meli hiyohiyo. Watu wa Mtang'ata, yaani eneo la Tongoni, waliwaendea kwa vyombo vyao kufanya biashara.

Wakati huo makaburi ya minara yalikuwa yamesimama, au baadhi yake yalikuwa yakijengwa. Wareno walifika katika jamii iliyokuwa na msikiti wake, wakubwa wake, mafundi wake wa chokaa na wateja wake wa kauri. Jamii hiyo haikuanza siku meli ya Ulaya ilipokwama, wala haikuanza siku meli saba zilipotia nanga.

Tunachojifunza kwa Chittick ni zaidi ya kuwa alipatia hapa na kukosea pale. Alichimba kwa utaratibu, akaandika kila alichokiona, akahifadhi hata vigae vilivyopingana na fikra zake. Kwa sababu hiyo wengine waliweza kumsahihisha kwa kutumia ushahidi wake mwenyewe. Kigae kilichobaki mahali pake na kuandikwa vizuri kinaweza kuulizwa swali jipya baada ya miaka 50. Kilichobebwa mfukoni, au kilichosombwa na mawimbi kabla ya kupimwa, hakiwezi.

Makaburi ya Tongoni yanalindwa kisheria, lakini chumvi ya bahari, mizizi na mikono ya watu havisomi sheria. Mnara mmoja ukianguka leo, ukaacha kokoto tu, hakuna Chittick wala Chami atakayeweza kuusimamisha tena. Kwa hiyo ukifika pale na watoto, waonyeshe vishimo vya mabakuli, waeleze maana yake, na jiwe lililolala chini liacheni lilipo.